Matimba Kutoka Ngitili ya Mama

Mimi sijui kukaa. Mama amenisema kwa jambo hilo tangu nikiwa mdogo kijijini kwetu Didia, kwamba hata nikipewa kigoda nakikalia kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilipoachana na mume wangu sikurudi nyumbani kukaa. Nilipanda basi hadi Geita nikiwa na mabegi mawili na binti yangu mgongoni, nikafikia machimboni kwa mwanamke niliyesoma naye shule ya msingi. Wiki ileile nilikuwa nimeinama kwenye karai la maji nikiosha marudio, yaani mchanga ambao wanaume walikwisha kutoa dhahabu yao wakaumwaga. Tulikuwa wanawake wengi. Tulichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, tukiikamua kwenye kitambaa, na jioni tulinawa mikono ileile tukasonga ugali. Tulijua si vizuri. Kila mmoja alikuwa amesikia hivyo redioni, na kila mmoja alikuwa na mtoto anayesubiri kula.

Machimboni kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na watu wote wanaifuata: mwanamke hasogelei duara. Duara ndilo shimo lenyewe, linalokwenda chini mpaka ukitupa kokoto unangoja kusikia. Wanasema mwanamke akisogea, dhahabu inakimbia. Nimeishi pale miaka tisa na sijaona dhahabu ikikimbia, ila nimeona wanaume kadhaa wakikimbia na dhahabu. Lakini sheria ni sheria. Wanawake tulibaki pembeni, tukipika, tukiponda mawe, tukiosha mabaki, na mimi pembeni nikawa nawashwa. Nilitaka kuuza kitu kinachoingia shimoni.

Kitu hicho nilikipata kwa kutazama malori. Duara haliwezi kusimama lenyewe, hasa wakati wa mvua udongo unapolainika. Wanalishikiza kwa magogo, wanayapanga kuzunguka kuta kuanzia juu hadi chini, na hayo magogo ndiyo matimba. Bila matimba hakuna anayeshuka, au anashuka mara moja tu. Nikamtafuta dalali mwenye njia zake vijijini, nikatafuta wenye maduara waliokuwa wamechoka kucheleweshewa, nikajiweka katikati yao. Mwaka wa kwanza walinicheka. Mwaka wa pili wakaanza kuniita Mama Matimba, na jina la binti yangu, ambalo ndilo ningepaswa kuitwa, likasahaulika.

Biashara yangu ilikuwa na utaratibu mmoja niliojivunia. Lori liliposimama karibu na kambi, nilipanda mwenyewe nikapitisha mkono kwenye kila gogo kabla halijashushwa. Nilitafuta nyufa, mchwa, sehemu zilizooza. Lililokuwa bovu nililikataa papo hapo, dalali anune asinune. Baada ya hapo wanaume walibeba na kwenda nayo duarani kwao, yaani huko shimoni, mimi nikibaki nyuma ya kamba ambayo wanawake hatuivuki. Sijawahi kuona gogo langu hata moja likiwa limesimama mahali pake pa kazi. Na kulikuwa na utaratibu wa pili, ambao sikuuita utaratibu wakati ule: sikuuliza miti imetoka wapi. Dalali alikuwa na karatasi zake, nikaona muhuri, nikaridhika. Watu wa machimboni hawaulizani walikotoka, na mimi nikaipeleka adabu hiyo hadi kwenye miti.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, matope yamefika kwenye vifundo. Nilikuwa juu ya lori, mkono wangu ukipita kama kawaida, ukasimama. Kwenye gogo moja kulikuwa na kovu lenye urefu wa kiganja, limepona vizuri, kingo zake laini. Nikaligeuza gogo. Upande wa pili, mkabala kabisa, kulikuwa na kovu jingine.

Hapa lazima nieleze habari za mama yangu. Mama si mganga na ukimwita hivyo atakasirika, yeye ni Mkristo wa kila Jumapili. Lakini anajua miti mitatu minne ya matumbo ya watoto na ya akina mama waliojifungua, na majirani humjia. Anapochuna gome huchuna upande jua linakochomoza na upande linakozama, basi. Hazunguki mti, kwa sababu mti uliozungukwa unakufa. Kisha anasiliba kidonda kwa mavi mabichi ya ng'ombe, anafunga kwa kitambaa, na kitambaa hakitoki mpaka gome lianze kujirudi. Akisahau kukifungua, mti unaota huku umebanwa, unabaki na mstari kama mkono wa mtu aliyevaa bangili ya utotoni mpaka ukubwani.

Gogo la tatu lilikuwa na mstari huo, na ndani ya mstari kipande cha kitambaa kilichomezwa na gome. Kilikuwa cha buluu. Nilikivuta kwa kucha. Ilikuwa sketi ya shule ya binti yangu, niliyoituma nyumbani pamoja na nguo nyingine kuukuu, na pindo lake nililishona mwenyewe kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia.

Nilikaa chini juu ya magogo. Dereva aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nilimpigia mama. Simu yake hupokelewa na wajukuu, ikachukua muda mpaka akapewa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza mvua ya huku. Nikamuuliza kuhusu ngitili, eneo letu la miti lililohifadhiwa nyumbani. Akasema ndiyo, wamekata nusu, mdogo wangu wa kiume ameuza, watarudi kumalizia nusu ya pili njia ikikauka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza kwamba kuku wametaga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Walisema magogo yanakwenda Geita kwa Mama Matimba," akasema. "Nilidhani umeyaomba wewe, ng'wanone, mwanangu. Nikanyamaza."

Sijui kama nimewahi kuambiwa neno lililoniumiza kuliko hilo, na mimi nimeambiwa mengi, nimeolewa na kuachika. Mzigo ule niliupeleka. Duara lilikuwa linasubiri, watu walikuwa wameshuka, na mwenye duara alikuwa ameanza kupiga kelele. Nilitoa lile gogo lenye kitambaa tu, nikaliegemeza kwenye ukuta wa chumba changu, na kesho yake alfajiri nikapanda basi.

Njia ya Kahama naijua kwa miaka yote hiyo, lakini safari ile niliiona kwa macho mengine. Kila lori lililopishana nasi nililigeukia shingo. Magogo, magunia ya mkaa, magogo tena. Nilibadilisha basi Kahama, nikasimama pale stendi nikila hindi la kuchoma bila kuisikia ladha yake, nikawa nagombana kichwani na mdogo wangu kwa maneno makali na mazuri ambayo baadaye hata moja halikutoka.

Ngitili kwetu ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vijiotee, halafu kiangazi ng'ombe wanaingizwa kula. Baba alilifunga la kwetu nikiwa sijaanza shule, wakati ambao ukisimama mlangoni kwetu ulimwona mtu anayekuja kutoka mbali sana, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumficha. Vumbi tupu. Watu husema ngitili ya baba, na ni kweli baba ndiye aliyeonyesha mipaka. Lakini aliyezunguka mipaka hiyo kila siku na fimbo akifukuza mbuzi wa watu, mwenye mimba na asiye na mimba, alikuwa mama. Miti ilipokua, kuni zikawa karibu. Nakumbuka mwaka ambao niliacha kwenda kutafuta kuni mbali na nikaanza kuwahi namba shuleni. Sikuiita maendeleo. Niliona tu kwamba sipigwi tena kwa kuchelewa.

Nilipofika nusu yake ilikuwa visiki. Sitaeleza zaidi, visiki ni visiki. Mama alinionyesha nusu iliyobaki, akitembea mbele yangu kwa haraka yake ileile. Nadhani kutokukaa kwangu nimekutoa kwake, ila yeye ana kazi kila anaposimama na mimi nina wasiwasi tu. Aligusa mti huu na ule. Alinionyesha uyoga ulikotoka wakati wa masika, nyasi anazokata za kuezekea banda, mzinga wa nyuki wa jirani mjane, ambaye mama alimruhusu kuutundika.

Mdogo wangu alikuja jioni kwa pikipiki. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya binti yangu. Nataka nimtendee haki: si mlevi, hampigi mkewe, ana watoto wawili sekondari na anashinda njia panda na wenzake wakigombea abiria. Ng'ombe wa baba walipungua kwa ukame, waliobaki aliwauza akanunua hiyo pikipiki. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ametupa kamba ya mbuzi aliyekwisha kufa.

"Ngitili ni ya ng'ombe, dada," akasema. "Ng'ombe hawapo. Ngitili ya nini?"

Nikamtajia kuni, nyasi, uyoga, dawa, asali. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hivyo ni vitu vya kuokota. Hakusema kwa dharau. Kwake kitu kinachookotwa na mama hakikuwa kimepungua kwa kuwa hakikuwahi kuwa kitu. Nikataka kumtia kibao, mtu mzima mwenye ndevu, na papo hapo nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia simu watu kama yeye, kupitia dalali, miaka yote, nikiwahimiza walete magogo yaliyonyooka.

Keshokutwa yake tukakaa kikao cha ukoo. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba, alikuja na wazee wawili, wakapewa viti. Mdogo wangu alikalia ndoo iliyogeuzwa. Mama, wifi yangu na mimi tulikaa kwenye mkeka. Nikaomba nusu iliyobaki isikatwe. Baba mdogo akanijibu kwa upole kwamba mtoto wa kike aliyekwisha kutolewa mahari husemea ardhi ya kwa mumewe. Nikasema sina mume. Akasema hilo ni jambo jingine, lina kikao chake. Nikasema ng'ombe wa mahari yangu walilishwa katika ngitili hiyohiyo, na ndio waliomwoa wifi yangu huyu hapa. Wifi akatazama chini. Wazee wakakubali kwamba ni kweli, na kwamba haibadilishi kitu. Mama hakuulizwa. Hakuna aliyekusudia kumnyima nafasi, haikuwapitia tu akilini.

Nilikuwa nimeanza kusimama nitoke, maana hasira zangu huishia miguuni, na hapo ndipo neno likanitoka.

"Basi sisemi kama mtoto wa nyumba hii. Nasema kama mnunuzi. Nusu iliyobaki mimi ndiye nainunua."

Kisha baba mdogo akamwambia mtoto wa mdogo wangu alete kiti.

Kiti kililetwa kutoka ndani, kile cha mbao chenye mto, nikakalia. Maongezi yakabadilika sauti. Wakaniuliza maoni yangu. Mzee mmoja aliyekuwa hajanitazama tangu asubuhi akaniuliza hali ya soko la Geita. Nilijibu, nikajikuta najibu vizuri, mkono mmoja juu ya goti kama wao, na nilipoinamisha macho nikamwona mama kwenye mkeka, chini yangu, akinyoosha pindo la khanga yake. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini sikushuka kwenye kile kiti, kwa sababu nilijua nikishuka miti inaondoka.

Tulipatana. Nilitoa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za nyumba ninayojenga Geita, ambayo mpaka leo ina kuta bila kichwa. Mdogo wangu akauliza lori linakuja lini, ili awatafute watu wa kukata. Nikasema lori haliji. Miti nimeinunua ikiwa imesimama na itabaki imesimama. Walicheka kwanza, wakadhani ni mzaha wa watu wa machimboni. Baba mdogo akauliza kama nanunua miti ya kutazama. Nikasema ndiyo, ya kutazama. Nikataka iandikwe kwa jina la mama. Hapo hawakucheka. Wakasema mama ni wa mji huo, yaani kaya hiyo, atauziwaje kilichomo mjini mwake mwenyewe? Ikaandikwa kwa jina langu, kwenye karatasi ya daftari la shule, na mama akaweka dole gumba kama shahidi wa kitu alichokilinda karibu maisha yake yote.

Nilitegemea atafurahi. Jioni ile tulikwenda naye kuokota kuni, na nilipomwona anainama nikasema bila kufikiri, chukua tu mama, yote ni yako sasa. Akaniuliza kama kuanzia leo atakuwa anapiga simu Geita kuomba ruhusa. Alikuwa anatania, nusu. Kisha akaketi juu ya kisiki, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi kabla ya kazi kwisha, akaniuliza yale magogo yanafanya kazi gani hasa huko chini. Hakuna aliyewahi kumweleza. Nikamweleza duara, udongo unaolainika, watu wanaoshuka kwa kamba, na jinsi ukuta unavyoweza kumwangukia mtu. Alisikiliza sana. Aliuliza kama wana mama zao, hao wanaoshuka. Nikasema wanao.

"Kwa hiyo miti lazima ipatikane," akasema. "Hii umeinunua isikatwe. Sasa lori lako litakwenda kwa mama yupi?"

Nilianza kueleza habari za miti ya kupandwa, ya mashambani, inayokua haraka, na ni kweli ipo, lakini wenye maduara wanataka mti mgumu na wanautaka leo. Mama aliniacha nieleze mpaka nikachoka. Kisha akafunga mzigo wake wa kuni, nikamtwisha, tukarudi.

Niliporudi Geita nilimwambia dalali neno moja tu, kwamba asilete tena mti wa Didia. Akasema sawa, dunia ni kubwa. Niliona neno lake halijanituliza, nikaliacha hivyohivyo. Mvua ziliendelea. Duara moja jirani na yale ninayoyauzia matimba liliporomoka upande, kwa bahati watu walikuwa wamepanda kula, na baada ya hapo kila mwenye duara akataka matimba kwa wakati mmoja. Waliponiona napita walinisemesha kwa heshima ya woga, kama watu wanavyomsemesha mwenye gari la kubebea mgonjwa. Nililala vibaya. Mchana nilizungukazunguka kambi bila sababu, binti yangu akaniambia niache kufagia mahali palipofagiwa.

Lori lilikuja mchana wa Alhamisi, limetoka magharibi, upande ambao sina ndugu. Nilipanda. Safu ya kwanza ilikuwa safi. Nilianza kupumua. Kwenye safu ya pili mkono ukasimama tena.

Kovu lilikuwa fupi kuliko yale ya mama, na halikusilibwa kwa mavi ya ng'ombe. Ulikuwa udongo wa kichuguu, mwekundu, bado umeshika kwenye kingo. Nikaligeuza gogo nikijua nitakachokiona. Upande wa pili kovu jingine, mkabala. Mkono mwingine kabisa, mtu nisiyemjua, anayejua jambo lilelile.

Nilimwita dalali apande. Nikamwonyesha makovu, hayakumwambia kitu. Nikamuuliza ni nani aliyeuza. Akasema ni bwana mmoja tu, eneo ni lake, wamepatana vizuri, karatasi zipo. Nikamuuliza kama nyumbani kwa bwana huyo kuna mama. Akacheka, akaona sicheki.

"Kulikuwa na mama mmoja," akasema. "Alisimama karibu na kichuguu tangu tulipoanza kukata mpaka tukamaliza. Lakini hakusema kitu."

Chini wanaume walikuwa wamekwisha kupanga mstari wa kubeba. Mmoja wao, ambaye mkewe huosha marudio mahali nilipoanzia mimi, aliniuliza kama washushe. Ukuta wa duara lao ulikuwa unatoa maji tangu jana. Nikawaambia washushe. Lile gogo lenye udongo mwekundu nilisema liwekwe kando, na jioni nikaliegemeza karibu na lenzake. Kabla dalali hajaondoka nilimfuata hadi kwenye mlango wa lori, nikamuuliza yule mama alikuwa amesimama upande gani wa kichuguu, na kama kesho, lori likirudi huko, kiti cha mbele kina nafasi ya mtu mmoja.